Nyani Wasikumbuke

Jumamosi, 15 Machi. Sindeni, Handeni

Kurasa kumi na moja za mwanzo za daftari hili zimejaa nyani niliowachora mwenyewe: nyani aliyeketi, nyani anayekimbia, nyani anayejifanya hakuoni. Kurasa zilizobaki nitaandika mpaka mahindi ya Bibi yakomae na gemu yetu itoke. Vyote viwili vinatarajiwa Juni, na nimeshajitanua kifua mbele za watu kwamba vyote vitakuwa vizuri.

Leo nimeshinda juu ya dungu la kulindia shamba na Bibi Hamisa, mama mzaa mama, nikimrekodi. Mbegu zina siku nne ardhini, na nyani wanazifukua moja moja kama watu wanaochambua mchele. Bibi amefunga, koo limemkauka, lakini kila wakichungulia kutoka kichakani anawatupia yowe na wanapotea. Tangu asubuhi mpaka alasiri nimehesabu mayowe thelathini na mawili, na hakuna mawili yaliyofanana. Moja analimalizia kwa makofi, jingine kwa debe, jingine linaanza chini chini kama anamteta mtu halafu linalipuka.

Nikamuuliza, "Bibi, kwa nini usirudie lile la kwanza? Si liliwakimbiza vizuri?"

"Faudhia, huko chuo walikufundisha nini? Nyani ukimpigia yowe moja leo na kesho, keshokutwa anakuja na watoto wake. Sauti akishaizoea si sauti tena. Ni upepo."

Basi hiyo ndiyo gemu yetu nzima, katika maneno ya mwanamke ambaye hajawahi kumiliki simu ya kupangusa. Mchezaji anakaa juu ya dungu. Ana debe, mluzi, makofi na sauti, na anaviunganisha mwenyewe kutunga yowe. Nyani wanakimbia, ila wanakumbuka. Yowe lile lile mara ya pili linawashtua nusu. Mara ya tatu hawainui hata kichwa. Ubuni jipya au shamba liliwe. Mimi na Yordani tumeijenga kwa miaka miwili kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la madaftari kule Korogwe, huku tukitengeneza kadi za harusi za watu ili tuishi. Yordani ndiye fundi wa programu. Picha ni zangu, na akili ya nyani niliiandika mimi. Februari kampuni moja ya Dar ilikubali kuitoa, tukasaini siku ile ile kabla hawajabadili mawazo.

Kampuni ilitaka na idhini ya sauti. Bibi ameweka dole gumba kwenye karatasi, akafutia wino kwenye khanga, akauliza swali moja tu.

"Humo ndani nyani watauawa?"

"Hapana, Bibi. Watafukuzwa tu."

"Haya. Maana nyani si mwizi. Yeye ana njaa na mimi nina njaa, tunashindana."

Nimemwahidi. Naandika hapa ili nisije kujifanya nimesahau.

Jumanne, 18 Machi. Korogwe

Mvua. Umeme hakuna. Yordani ameamua kuwa leo ni sikukuu.

Jumatatu, 24 Machi

Leo tumeongea kwa video na Loyce, msimamizi wetu kule Dar. Huyu dada ana sauti ya mtu anayekukaribisha soda kabla ya kukupa habari ya msiba. Picha amezipenda. Sauti ya Bibi ameipenda mno, ameirudia mara tatu akicheka. Kisha ikaja habari yenyewe: kati ya watu thelathini waliojaribu gemu, kumi na tisa waliiacha kabla ya dakika ya nne.

"Wanachoka kufikiri, Faudhia. Wamezoea kugusa tu."

Nikamwambia ndiyo maana tuliitengeneza. Ukisimama stendi ya Korogwe ukachungulia simu za vijana wa bodaboda, wote wanacheza kitu kimoja: kupanga vito, kukimbia barabarani, kupiga risasi. Mwaka mpya ukija, vito vinabadilishwa rangi na mkimbiaji anabadilishwa shati.

"Watu wanakula wali maharage kila siku," akasema, "na hujasikia aliyeandamana."

Yordani alicheka. Nilimkanyaga chini ya meza.

Jumatatu, 31 Machi. Sindeni

Idd. Pilau, watoto, matope. Mjomba Athuman, kaka yake mama, amekuja na pikipiki yake na kile kipaza sauti anachotembea nacho minadani kuuza dawa ya panya. Amejirekodi mwenyewe: panya, mende, kunguni, viroboto, kisha inaanza upya, panya, mende. Amekiacha kinalia uani wakati tunakula, eti betri izoee. Simpendi mtu huyu na Mungu anisamehe kwa kuliandika siku ya leo.

Mahindi yameota. Bibi ameyaokoa karibu yote.

Jumatano, 9 Aprili. Korogwe

Barua pepe kutoka Dar ina mambo saba. La kwanza lina maneno mawili: *Nyani wasikumbuke.*

Nimesoma mara nyingi nikidhani nimekosea. Maana yake ni kwamba yowe moja lifanye kazi siku zote. Na jambo la pili linafuata papo hapo: kwa kuwa yowe litakuwa moja, hakuna haja ya debe, mluzi wala makofi. Kiwekwe kitufe kimoja, chenye sauti ya yule bibi.

Nilimpigia Loyce. Nilimwambia kumbukumbu ya nyani ndiyo gemu yenyewe, ukiiondoa umebaki na mtu anayebonyeza.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Najua, dada. Lakini anayebonyeza anabaki. Anayefikiri anaondoka."

Nikamwambia basi tunaiondoa gemu, tutaitoa wenyewe. Akaniomba, kwa upole ule ule, nisome kifungu cha tisa. Yordani alikuwa ameshakifungua. Kampuni inaweza kubadili chochote, wakati wowote, na sauti, picha na jina ni mali yao. Sahihi yangu iko chini, imejipinda kwa mbwembwe. Na kwenye karatasi ya pili liko dole gumba la Bibi.

Nilimuuliza Yordani kama alikuwa amekisoma siku tuliposaini.

"Nilikisoma."

"Ukanyamaza?"

"Ungekubali kusikia? Ulikuwa unaruka ruka humu ndani na kalamu."

Mvua imenyesha kutwa nzima, na paa la chumba hiki linavuja palepale kwenye kiti changu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Nimeandika barua ya kurasa mbili kwa kampuni nikieleza kwa nini mchezo unaofanana na yote hautakumbukwa na yeyote. Nadhani ni barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika.

Alhamisi, 17 Aprili

Majibu ya barua: "Asante kwa maoni yako, tumeyapokea."

Jumanne, 22 Aprili

Leo wametaka bunduki. Mchezaji awe na vitufe viwili, cha sauti na cha risasi. Na nyani wasiwe nyani, kwa sababu kuna watu wanapenda wanyama. Wawe mazimwi ya kijani.

Nilipofika chumbani saa nne asubuhi, Yordani alikuwa ameshaiweka. Inafanya kazi. Zimwi linapasuka na kutoa nyota. Nilimwita msaliti, nikamwita na mengine ambayo siyaandiki. Alisubiri nimalize, akafuta meza kwa kiganja, akasema:

"Babu yangu alitoka mbali kuja kukata mkonge hapa. Miaka thelathini. Unadhani kuna siku waliwahi kumuuliza kamba ziwe na sura gani? Alikata, akatulea. Mimi nimeweka bunduki kwa sababu nisipoweka wataweka wao, na yao itakuwa mbaya zaidi."

"Nilimwahidi Bibi."

"Najua. Ndiyo maana sikutaka uiweke wewe."

Nimefikiria neno hilo njia nzima ya kurudi nyumbani. Nimemfikiria vibaya kwa majuma mawili, kumbe alikuwa amesimama mbele yangu ili nisichafuke.

Jumapili, 4 Mei

Hakuna kitu. Mto Pangani umejaa mpaka watu wanasimama darajani kuutazama. Nami nimeutazama.

Jumanne, 6 Mei. Sindeni

Bibi ameteleza akipanda dungu. Ngazi ilikuwa na utelezi wa mvua. Goti limevimba kama papai, na mganga wa zahanati amesema asipande popote kwa majuma sita. Mahindi yako kiunoni. Majuma sita ndiyo yanafika hasa penye mahindi mabichi, wakati nyani wanapokuja kwa ukoo mzima.

"Nani atakaa juu?" aliuliza, na alimtazama kila mtu isipokuwa mimi, kwa sababu alijua jibu langu na hakutaka kuniaibisha.

Jumatatu, 12 Mei. Korogwe

Kuna upenyo. Loyce amesema nikiweza kuitengeneza kumbukumbu ya nyani kama hatua ya mwisho, ya watu wachache wanaotaka ugumu, atakwenda kuipigania. Niliuliza kwa nini ananisaidia. Akaniambia, akitazama pembeni ya kamera, kwamba naye aliwahi kuwa na gemu yake. Ilikuwa ya kusuka ukili: rangi zikikaa vibaya mkeka unakataa kukunjwa. Aliifanya peke yake miaka mitatu.

"Iko wapi?"

"Umeshaiona stendi. Ile ya kupanga vito. Hata mimi nikiicheza siitambui."

Kumbe Loyce si mkuki unaonichoma. Ni mahali mkuki ulipopita kwanza.

Nina mpaka tarehe ishirini na tisa.

Jumatano, 21 Mei

Kazi. Yordani analeta maandazi.

Jumatatu, 26 Mei

Mjomba Athuman amepiga simu. Yeye yuko minadani siku tano kwa juma, majirani wana mashamba yao, na nyani wameonekana kichakani wamekaa wakisubiri. Alitaka nije nikae dungu japo siku kumi. Nikamwambia niko pabaya, nipe mpaka tarehe ishirini na tisa.

Akasema, "Si unayo sauti ya Mama kwenye kompyuta? Nitumie. Nitaiingiza kwenye kipaza changu, nikifunge juu ya dungu. Kitapiga kelele kutwa, Mama atapumzika."

Nilifurahi kiasi cha kumwambia Mjomba una akili. Ni mara ya kwanza maishani. Kipaza chake kinashika sekunde ishirini tu, kwa hiyo nikachagua yowe moja, la tisa, lile linaloanza chini chini halafu linalipuka. Ndilo bora kuliko yote.

Jumatano, 28 Mei

Mjomba ameripoti: hakuna hata nyani mmoja. Bibi amelala mchana kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Alhamisi, 29 Mei

Wamekataa hatua ya mwisho. Loyce alipigania, nilisikia kwenye sauti yake kwamba alipigania kweli. Kampuni imesema kumbukumbu inalifanya faili liwe zito.

Yordani alijitolea kuiondoa. Nikamwambia hapana, hii niliiandika mimi. Ni mistari mia mbili na kumi na nne. Niliichagua kuanzia juu mpaka chini, nikabonyeza, ikaondoka. Gemu ikafunguka haraka zaidi, kama walivyosema.

Nililia palepale kitini, na Yordani akatoka kwenda kusimama mlangoni ili wateja wa madaftari wasichungulie.

Alhamisi, 5 Juni

Imetoka. Inaitwa Vita vya Shamba. Niliipakua kwenye simu yangu mwenyewe kama mgeni. Kitufe cha kushoto ni risasi, cha kulia ni Bibi. Ukibonyeza cha kulia, linasikika yowe la tisa na mazimwi yote yanageuka kukimbia. Kila mara. Nilibonyeza mara arobaini, yakakimbia mara arobaini.

Jumamosi, 7 Juni. Korogwe

Idd ya kuchinja. Sikwenda Sindeni. Nilisema nina homa.

Jumatano, 11 Juni. Sindeni

Mjomba alipiga alfajiri akasema neno moja, "Njoo." Nilifika saa tatu.

Kutoka barabarani nilisikia sauti ya Bibi ikipanda na kulipuka, nikafurahi, nikasema mwenyewe kumbe mzima huyu, ameshapanda dungu. Nikapiga hatua kama kumi, ikapanda na kulipuka tena. Hatua kumi nyingine, tena. Ndipo nikakumbuka.

Shamba lilikuwa limejaa nyani. Sijawahi kuona wengi namna ile. Walikuwa wameketi katikati ya mistari, wanavunja hindi, wanang'ata mara mbili, wanatupa, wanavunja jingine. Watoto walikuwa wanabembea kwenye ngazi ya dungu. Na juu, kwenye paa la nyasi, dume moja kubwa lilikuwa limekaa kando ya kipaza kabisa, bega kwa bega, linakula. Kipaza kikalipuka sikioni mwake. Halikupepesa hata jicho.

Bila shaka siku ya pili ya kipaza walishtuka nusu. Siku chache baadaye hawakuinua kichwa. Mimi ndiye niliyeliandika hilo, mstari kwa mstari, mimi ndiye mtu pekee nchini aliyeweza kulieleza kwa hesabu, na bado nilichagua yowe moja nikaliacha lijirudie siku kumi na tano. Nilichokifuta kwenye kompyuta hakikufutika kwenye vichwa vya nyani. Nyani haoni kundule, walisema waliosema. Nimeilaani kampuni tangu Aprili kwa kutaka kitufe kimoja, na kitufe cha kwanza nimekiweka mimi, kwenye shamba la Bibi yangu.

Mjomba alikimbia na panga, wakasogea mistari mitatu, wakaketi. Akapanda akazima kipaza. Kimya kilichofuata kilikuwa cha kutafuna tu.

Bibi akaja na fimbo yake. Hakuna aliyemwita. Alisimama ukingoni mwa shamba, akajishika kiuno, akapiga yowe. Si la tisa. Lilikuwa jipya, sijawahi kulisikia, na nywele zilinisimama.

Wakamtazama. Dume la juu ya paa lilimtazama Bibi, kisha likakitazama kipaza, kisha likarudi kwenye hindi lake.

Akapiga jingine. Akachukua debe akapiga la tatu. Watoto wawili waliruka, mama zao hawakuhangaika. La nne lilikatikia kooni.

"Wamenizoea," alisema Bibi.

Nilipiga magoti kwenye matope nikamwambia ni mimi, Bibi, nilichagua moja, nilijua, nisamehe. Aliniwekea mkono kichwani, lakini macho yake hayakutoka shambani. Mjomba Athuman alimwinamia mama yake, akambeba mgongoni kama mtoto, akaanza kupanda naye kuelekea nyumbani. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imemshika Bibi.

"Nilipaswa kujua," aliniambia nilipowafikia. "Mimi mwenyewe sokoni siku hizi hawanisikii. Natangaza kutwa nzima, mtu ananipita kama nguzo. Nilipaswa kujua mimi kuliko wote."

Majuto ni mjukuu, wanasema. Hapa kwetu mjukuu ni mimi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekaa dungu tangu alfajiri. Napiga yangu, ya kila namna. Wanaondoka kidogo. Hakuna cha kulinda.

Jumatatu, 16 Juni

Kama jana.

Ijumaa, 20 Juni

Yordani amesoma maoni ya wachezaji kwenye simu, hakutaka kunisomea, nikamlazimisha. Wengi hawakuandika kitu. Mmoja ameandika: "Ni kama zile nyingine." Mwingine: "Huyu bibi anazimwaje?"

Loyce ametuma ujumbe. Anasema pole. Anasema kampuni inauliza kama tuna wazo jingine.

Jumapili, 29 Juni. Sindeni

Tumevuna. Mwaka jana magunia kumi na moja, mwaka huu mawili, na la pili halijafika mdomoni. Mjomba amesema atatuletea unga kutoka Korogwe mpaka vuli, na hakuna aliyemtania.

Tangu siku ile Bibi haiti mtu kwa sauti. Zamani alikuwa akimwita jirani ng'ambo ya bonde kuomba chumvi, na chumvi inakuja. Sasa anamtuma mtu.

Baada ya chakula cha mchana aliniambia, "Hiyo gemu iliyotoka, mbona hujanionyesha?"

Nilimwambia si nzuri, Bibi. Waliibadilisha. Akanyoosha mkono akasubiri, na mtu mzima akikunyooshea mkono hivyo huna ujanja. Nikamfungulia. Alikishika kisimu kama anashika yai. Akayaona mazimwi yakiingia shambani.

"Hawa ndio nyani?"

"Ndio, Bibi."

"Hiki cha huku?"

"Cha bunduki."

Alinitazama. Sikuinua macho. Hakunikumbusha ahadi, na ningependa angenikumbusha. Akasogeza kidole mbali na kitufe kile, akakiweka kwenye kile cha kulia, akabonyeza. Yowe lake likatoka, lile la Machi, la koo lililofunga na bado lina nguvu. Mazimwi yakageuka yakakimbia mpaka kioo kikabaki kitupu.

Yakaja mengine. Akabonyeza.

"Huku bado wananiogopa," alisema.

Na akabonyeza tena.